Kulegeza Mkono: Ushauri kwa Anayeanza Kuchora katika Pwani ya Mtwara

Ugumu wa mkono ndio kikwazo cha kwanza cha kijana au mtu mzima anayeanza kujifunza kuchora, nao humzuia mapema zaidi kuliko upungufu wa kipaji, uhaba wa vifaa au kukosekana kwa mwalimu. Mkono ulio mgumu hushika penseli karibu kabisa na ncha, hukaza vidole, hutoa mistari mifupi mifupi iliyopandana, kisha hukimbilia kifutio kabla mchoro haujapata umbo, na mwishowe hupatikana picha ndogo iliyojikunyata katikati ya karatasi kubwa. Sababu zake kuu ni mbili. Ya kwanza ni woga wa kuharibu karatasi, woga ambao huongezeka kadiri karatasi inavyokuwa ya bei kubwa. Ya pili ni mazoea ya darasani, kwa kuwa kwa wanafunzi wengi wa Tanzania mchoro pekee waliowahi kuufanya kwa bidii ni ule wa somo la baiolojia, unaotakiwa kuwa na mstari mmoja safi wa penseli iliyochongwa vizuri, usio na kivuli, wenye majina ya sehemu zake pembeni, na ambao hupunguziwa alama unapoonyesha mistari iliyorudiwa. Mazoea hayo yana manufaa yake katika mtihani, lakini humzoeza mwanafunzi kuuona mstari wa pili kuwa ushahidi wa kosa, ilhali katika uchoraji wa kutazama mstari wa pili ndio unaousahihisha wa kwanza, na yote miwili inastahili kubaki.

Makala haya yanaeleza namna ya kuuondoa ugumu huo kwa mtu anayeishi Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati au katika vijiji vilivyo karibu na maingilio ya Mto Ruvuma. Eneo hilo lina utajiri wa maumbo ambao mchoraji wa mji mkubwa hawezi kuununua kwa fedha yoyote. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, imekusanya pamoja fukwe za mchanga, misitu ya mikoko, matumbawe na vijiji vya wavuvi, na nje ya mipaka yake ipo mikorosho, nyumba za kale za Mikindani na uwanda wa juu wa Makonde. Kinachotakiwa kwa anayeanza ni kuutumia utajiri huo kwa mpangilio unaofaa, na mpangilio huo unaanzia mchangani.

Katika pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 25 hivi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa kubwa zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ambapo jua na mwezi huivuta bahari katika mstari mmoja. Mchanga uliotoka majini muda si mrefu huwa umeshikamana, hupokea alama ya kijiti kwa uwazi, na baada ya saa chache bahari huupanda tena na kuzifuta alama zote. Mwanagenzi, yaani mtu aliye katika hatua za mwanzo za kujifunza kazi, hapati mahali pengine panapomwondolea woga kwa ukamilifu kama hapo, kwa sababu karatasi ya namna hiyo hainunuliwi, haihifadhiwi, wala hakuna atakayeikagua kesho. Zoezi la kwanza ni kuchukua kijiti chenye urefu wa mkono, kusimama wima, na kuchora mstari mmoja mrefu wa hatua kumi bila kusita, kisha mistari mingine sambamba nao, kisha maduara yanayomzunguka mchoraji mwenyewe. Mtu anayechora akiwa amesimama na kwa kijiti kirefu hana namna ya kutumia vidole peke yake. Analazimika kuzungusha bega na kiuno na kuhama kwa miguu, na hapo ndipo mwili unapojifunza kwamba mstari mzuri hutoka begani, huku vidole vikibaki kwa ajili ya kazi ndogo za mwisho.

Zoezi linalofuata ni gumu zaidi, nalo linafaa kupewa muda mwingi. Mwanagenzi huchagua ngalawa iliyopandishwa ufukweni, yaani mtumbwi wa gogo wenye mirengu pande zote mbili ya kuuzuia usipinduke, kisha huichora kando yake kwa ukubwa wake halisi, kuanzia omo hadi tezi. Kwa kuwa kitu na mchoro wake vinalingana kwa ukubwa na vimelala sambamba, makosa ya uwiano huonekana bila kuelezwa na mtu: mlingoti uliochorwa mfupi mno, mrengu ulioanzia mahali pasipo pake, mgongo wa chombo ulionyooshwa wakati wenyewe umepinda kidogo. Hakuna kinachofutwa kwa mguu. Mstari usio sahihi huachwa, na mwingine huchorwa kando yake mpaka upatikane unaoridhisha, na baada ya hapo mchoraji hutazama ule wa kwanza ulikosea kwa kiasi gani na kuelekea upande gani. Mazoezi ya siku chache za bamvua, ambapo ufukwe huwa mpana, hutosha kumzoeza mtu kuvumilia mistari yake mwenyewe, na uvumilivu huo ni stadi inayojitegemea ambayo vitabu vingi vya uchoraji huipitia juu juu.

Kutoka mchangani mwanafunzi huhamia kwenye karatasi, lakini karatasi hiyo ibaki kuwa kubwa na rahisi. Magazeti yaliyokwisha kusomwa, upande wa pili wa karatasi zilizochapwa ofisini na karatasi ya kaki ya kufungia bidhaa hufaa zaidi katika hatua hii kuliko daftari jipya la kuchorea, ambalo weupe wake huurudisha ule woga uliokwisha kuondoka. Karatasi hubanwa kwa vibanio juu ya kipande cha plaiwudi, jambo ambalo ni la lazima katika pwani yenye upepo wa kusi na kaskazi, na ubao huo huegemezwa ukutani au kwenye shina la mnazi ili mchoraji achore akiwa amesimama. Penseli laini za 2B na 4B zinatosha, ingawa mkaa ni bora zaidi kwa kulegeza mkono, kwa kuwa hautoi mstari mwembamba hata kwa anayeutaka.

Mkaa wa kuchorea hutengenezwa nyumbani bila gharama. Vijiti vikavu vya mti usio mgumu, vyenye unene wa kidole kidogo, huambuliwa magome na kupangwa kwa kubanana ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, kifuniko hutobolewa tundu moja dogo kwa msumari, kisha kopo huwekwa katikati ya moto. Moshi hutoka tunduni kwa muda, na ukikoma, kopo huondolewa na kuachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa, kwa sababu hewa ikiingia mapema vijiti huwaka na kubaki majivu. Mikoko isikatwe kwa kazi hiyo, kwa kuwa inalindwa na sheria na vijiti vya miti mingine vinatosha kabisa.

Mazoezi ya karatasi huanza na duaradufu, yaani umbo ambalo duara huonekana kuwa nalo linapotazamwa kwa upande. Midomo ya mitungi, sufuria, vikapu na ndoo yote huonekana kwa umbo hilo, na anayeanza huikosea karibu kila mara kwa kuichora yenye ncha kali pande mbili. Dawa yake ni kujaza kurasa nzima kwa duaradufu zinazochorwa kwa mzunguko wa bega, mkono ukizunguka hewani kwanza na kushuka kwenye karatasi ukiwa tayari katika mwendo, na mstari ukipita juu yake wenyewe mara mbili au tatu. Dakika tano za kazi hiyo kabla ya kuanza kuchora kitu chochote ni matumizi mazuri ya muda, hata kwa mchoraji aliyekwisha kukomaa.

Baada ya hapo huja mazoezi mawili yanayokwenda pamoja, moja la haraka na jingine la polepole, ambayo yalifafanuliwa kwa kina na Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa uchoraji wa jijini New York, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1941 baada ya kifo chake. La haraka linaweza kuitwa mchoro wa mwendo. Ni mchoro unaofanywa kwa sekunde 30 hadi dakika mbili, ambao hautafuti sura ya mtu wala mavazi yake, bali kile anachokifanya: uzito wake uko mguu gani, mgongo umepinda kuelekea wapi, mkono unavuta au unasukuma. Mchoraji huanza na mstari mmoja unaoshuka kutoka kichwani, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye mguu unaobeba mwili, kisha huongeza mabega, nyonga na viungo kwa mistari mirefu, macho yakiwa kwa mtu anayechorwa kwa muda mwingi kuliko yanavyokuwa kwenye karatasi. Vidole, macho na vifungo vya shati havina nafasi katika mchoro huo.

Pwani ya Mtwara ina watu wa kuchorwa kwa namna hiyo tangu alfajiri hadi magharibi: wavuvi wanaosukuma mashua, kina mama wanaoinama kutafuta pweza wakati maji yamekupwa, wapakiaji wa magunia ya korosho, vijana wanaocheza mpira ufukweni. Juu ya yote ipo sindimba, ngoma ya Wamakonde inayojulikana nchini kote kwa mchezo wake wa kiuno, ambayo kwa mchoraji ni darasa zima la nyonga na magoti. Anayejaribu kumchora mchezaji wa sindimba kwa kufuata mzingo wa mwili wake atashindwa, kwa kuwa mchezaji hatulii hata kwa nusu dakika, lakini anayetafuta mstari wa mgongo na mteremko wa nyonga atapata kitu kwa kila pigo la ngoma. Inafaa kukumbuka kuwa wachoraji wa kale wa michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, waliacha watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, wengine wakiwa wameinama na wengine wakiwa katika mwendo, ambao hawana maelezo ya sura na hata hivyo mtazamaji anatambua papo hapo wanafanya nini.

Zoezi la polepole ni mchoro wa mzingo usiotazamiwa, ambamo mchoraji huweka ncha ya penseli kwenye karatasi, huelekeza macho kwenye ukingo wa kitu, na kuyasogeza polepole sana kuufuata ukingo huo huku mkono ukisogea kwa mwendo uleule, bila kuiangalia karatasi hadi mwisho. Kitu kinachofaa kuliko vyote kwa zoezi hilo, hasa katika miezi ya mavuno ambayo huishia Desemba hivi, ni bibo lililo bado na korosho yake. Ni umbo lisilo la kawaida: tunda limenona na kulainika, ngozi ina mikunjo myepesi karibu na kikonyo, na korosho yenyewe inaning'inia nje, nchani, ikiwa imepinda na kuwa ngumu. Karibu kila mtu wa Mtwara anadhani analijua umbo hilo, na kujua huko ndiko kunakomfanya achore bibo la kukumbuka badala ya bibo lililo mbele yake. Mchoro utakaopatikana utakuwa umepotoka, mistari yake haitakutana, na haupaswi kuhukumiwa kwa uzuri, kwa kuwa kazi yake ni kuyazoeza macho kukaa juu ya kitu kwa dakika tano nzima. Hata hivyo ndani ya upotofu huo mara nyingi hupatikana sehemu ndogo, pengine pale korosho inapoungana na bibo, yenye ukweli ambao mwanafunzi hajawahi kuufikia kwa kuchora kwa uangalifu.

Tatizo la kuchora kile kinachojulikana badala ya kile kinachoonekana lina tiba nyingine, iliyoenezwa sana na Mmarekani Betty Edwards katika kitabu chake cha mwaka 1979, nayo ni kuchora nafasi zilizo kati ya vitu badala ya vitu vyenyewe. Wanafunzi wa mahali pengine hufanya zoezi hilo kwa kiti, lakini wa maingilio ya Ruvuma wana mikoko. Maji yanapokupwa, mizizi ya mkoko huonekana ikitoka shinani na kujipinda kuelekea topeni, ikipishana na mizizi ya miti ya jirani kwa wingi unaomkatisha tamaa kila anayejaribu kuifuata mmoja mmoja. Mchoraji na aiache mizizi, akate dirisha dogo la mstatili katika kipande cha kadibodi, alitazame kundi la mizizi kupitia dirisha hilo kwa jicho moja, na achore vipande vya matope na maji vinavyoonekana katikati, kila kimoja kama umbo lenye pembe na urefu wake, vingine vikiwa vya pembetatu, vingine virefu na vyembamba. Vipande hivyo havina majina, na kwa kuwa havina majina akili haina picha ya zamani ya kumpa mchoraji. Vikishakuwa mahali pake, mizizi hujitokeza yenyewe bila kuchorwa, na uwiano wake huwa sahihi kuliko ambavyo ungekuwa kama ingefuatwa. Dema, yaani mtego wa samaki uliosukwa kwa fito na wenye matundu ya pembe nyingi, unaweza kutumika kwa namna hiyohiyo na mtu asiyeweza kufika kwenye mikoko.

Kuhusu utaratibu wa kuutoa mchoro kutoka kwenye vurugu ya mistari hadi kwenye umbo kamili, eneo hili lina walimu ambao mara nyingi hawahesabiwi kuwa walimu wa uchoraji, nao ni wachongaji wa Kimakonde. Mchongaji huondoa kwanza vipande vikubwa vya mpingo kwa shoka na tezo, akitafuta mwelekeo wa mwili na mahali pa kichwa, na hushika patasi ndogo baada ya maumbo makubwa kupata nafasi zake, huku tupa na msasa vikingoja mwisho kabisa. Hakuna mchongaji mzoefu anayemaliza jicho wakati shingo bado ni gogo. Anayeanza kuchora hufanya kinyume: huanza na jicho, hulipenda, hulikamilisha kwa kope zake zote, kisha hugundua kuwa uso uliobaki hautoshei kwenye karatasi. Mwanafunzi mwenye nafasi ya kukaa karibu na mchongaji kwa asubuhi moja, akachora sanamu ileile kila baada ya nusu saa kadiri inavyotoka katika gogo, atapata somo la mpangilio wa kazi lililo bora kuliko maelezo marefu.

George Lilanga, aliyeishi kati ya mwaka 1934 na 2005 na aliyezaliwa huku kusini mwa Tanzania, alitoka katika uchongaji na kuingia katika uchoraji baada ya kujiunga na Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza wamezungukwa na mistari minene isiyositasita, ambayo hupanda mgongo, huzunguka sikio na kushuka hadi vidoleni. Anayejifunza anafaa kuinakili michoro ya namna hiyo kwa mkono uliolegea, na kunakili huku si wizi maadamu lengo ni kujifunza na kazi haiuzwi wala haidaiwi kuwa yake, kwani kunaonyesha kwa vitendo jinsi mstari unavyoweza kuwa na uhakika bila kuwa mkavu.

Mambo mawili ya kiufundi yanatosha kwa hatua hii. La kwanza ni upeo wa macho, yaani mstari ambapo bahari inaonekana kukutana na mbingu, ambao daima huwa katika usawa wa macho ya mtazamaji. Mchoraji aliyesimama kwenye ufukwe tambarare ataona kuwa mstari huo unapita kwenye macho ya watu wote waliosimama na wenye kimo kama chake, wawe karibu au mbali, na kwa hiyo vichwa vyao hupangwa katika mstari mmoja huku miguu ikipanda kadiri wanavyokuwa mbali. Akiketi mchangani, upeo hushuka hadi viunoni mwao. Kanuni hiyo moja huondoa sehemu kubwa ya makosa ya picha za ufukweni. La pili ni mwanga. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hukaribia utosi kwa miezi mingi, hasa Februari na Oktoba, hivyo vivuli hujificha chini ya vitu na kila kitu huonekana bapa. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, kuta nyeupe za boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, huwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli vinavyotofautiana waziwazi, na anayefinya macho kidogo ataziona rangi zote zikijikusanya katika ngazi tatu tu za weusi, kati na weupe, ambazo mkaa unaweza kuzitoa kwa dakika kumi.

Anayechora hadharani ana wajibu kwa watu anaowatazama. Aombe ruhusa kabla ya kumchora mtu kwa muda mrefu, aonyeshe alichochora anapoulizwa, na atambue kwamba katika miji ya Waislamu kama Mikindani wapo wazee wanaoona haifai kuchora viumbe wenye roho. Kwao na kwa wanafunzi wenye imani hiyo, vyombo vya baharini, milango ya kuchongwa, miti na ukili wa mikeka vinatosha kwa mafunzo ya miaka mingi. Bandari na mitambo ya gesi ya Msimbati na Madimba ni maeneo ya ulinzi, na mtu aliyeketi karibu nayo na ubao na penseli atahojiwa kwa haki.

Kuhusu muda, nusu saa kila siku ina manufaa zaidi kuliko siku nzima ya mwisho wa wiki, kwa sababu mkono husahau upesi ulegevu uliofundishwa. Michoro iandikwe tarehe na ihifadhiwe yote, mibaya pamoja na mizuri, ikiwa imetenganishwa kwa karatasi za gazeti ili mkaa usichafuane, na katika miezi ya mvua iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki mbali na sakafu, kwani unyevu wa pwani huleta ukungu kwa haraka. Baada ya miezi michache mwanafunzi atatamani kurudi kwenye kazi ya makini, pengine mlango mmoja wa Mikindani pamoja na maua na minyororo yake yote ya kuchongwa, na hapaswi kuzuiwa, kwa kuwa mkono uliolegea umekusudiwa kuweza kukaza pale inapohitajika. Aufanye kwanza mlango huo mara tatu kwa mkaa, kila mara kwa dakika mbili, akiwa amesimama na akitazama fremu na nafasi zake pekee, kisha aketi, achonge penseli na kuanza maua. Akihisi vidole vimeanza kubana ncha katikati ya kazi, aiweke penseli chini, ageuze karatasi na kuchora ukurasa mmoja wa duaradufu kabla ya kuendelea.